Niliandika jina la Madam Jerotich kwenye ripoti, kumbe lock ilikuwa yangu

Wakuu, habari za huko mliko.

Mimi humu ni msomaji tu. Tangu nijiunge nimefungua uzi mmoja, na ulikuwa wa kuuliza laptop gani inafaa. Leo nimeamua kuandika kwa sababu hili jambo limenikaa kifuani na sina wa kumwambia. Sitaongeza chumvi, na pale nilipokosea nitasema nilikosea. Majina nimebadilisha. Mengine yote ni vile yalivyotokea.

Kama hujui mambo ya database usitoroke, nitaeleza vile ninavyomwelezea mama yangu.

Nafanya kazi ya system hapa Eldoret. Mteja wangu mkubwa ni ghala la nafaka upande wa kwenda Soy, jina mtaniwia radhi. Wakulima wanaleta mahindi yakiwa bado na unyevu, yanapimwa, na kama unyevu umezidi yanaingia kwa dryer, yaani ile mashine kubwa ya kukausha. Ghala lina dryer mbili. Wakati wa mavuno, trekta na lori hujipanga kutoka getini mpaka barabarani.

Mkulima akifika dirishani, karani anafungua fomu yake kwenye kompyuta, na system inampa nambari ya dryer.

Hiyo nambari ndiyo kila kitu. Ukiipata, mahindi yako yatakauka leo au kesho. Ukiikosa, unabaki foleni na mahindi kwa trela huku mvua inakuangalia. Na mvua ya huku mwaka huu ilikuja wakati hakuna mtu anaihitaji.

System niliiandika mimi mwenyewe, miaka minne iliyopita. Wakati huo ghala lilikuwa na madirisha mawili. Tangu mwaka huu yako sita, na askari wa getini naye ana tablet. Kumbukeni hapo, ndipo shida ilipozaliwa.

Dirisha la tatu lilikuwa la Madam Jerotich. Mama wa miaka hamsini hivi, mtu wa Kapseret, amefanya kazi pale muda mrefu kuliko meneja. Anawajua wakulima kwa majina, anajua nani amefiwa na nani ng'ombe wake amezaa. Wazee walikuwa wanakataa kuhudumiwa kwingine. Unakuta madirisha mawili hayana mtu, na mzee amesimama tu na fimbo yake anangoja la tatu.

Nakiri hiyo ilikuwa inanikera. Nilikuwa namwona kama mtu wa kuchelewesha kazi na hadithi.

Sasa, wiki ya pili ya mavuno, system ikaanza kusimama.

Asubuhi inaenda vizuri. Ikifika saa nne hivi, kompyuta zote zinaganda. Madirisha sita, kila mmoja anaangalia kale kaduara kanazunguka. Makarani wanabonyeza refresh, wanabonyeza tena, na kila wakibonyeza wanaongeza mtu mwingine wa kusubiri mle ndani. Baada ya dakika chache database, yaani ile hifadhi ya rekodi zote, inakataa watu wapya kabisa, na hata tablet ya getini inakufa. Geti likifungwa, barabara inajaa.

Mimi nafanya nini? Na-restart. Kila kitu kinarudi, watu wananipigia makofi, najiona daktari.

Kesho yake, saa nne, yale yale.

Wakuu, niliwinda kila mahali isipokuwa pale palipokuwa na mnyama. Nikasema ni RAM, ghala likanunua RAM. Nikasema ni internet, nikagombana na watu wa internet kwa simu mpaka sauti ikakauka. Nikaongeza index, yaani faharasa, kwenye kila table niliyoona. Nikabadilisha cable. Na wakati huo wote kulikuwa na dalili moja mbele ya macho yangu: system ikiganda, processor ya seva, yaani ubongo wa ile kompyuta kuu, ilikuwa imepoa kabisa, karibu haifanyi kitu. Seva iliyolemewa na kazi hupata moto, hii yangu ilikuwa imelala usingizi.

Dalili ya pili. Kwenye log, yaani daftari la matukio ya seva, nikaona query, yaani ombi, ndogo sana, ya kusoma mstari mmoja tu, imechukua dakika kumi na moja. Mstari mmoja! Hata ukiusoma kwa mkono ni sekunde mbili.

Mtu mwenye uzoefu angejua hapo hapo kwamba ile query haikuwa inafanya kazi, ilikuwa inangoja. Mimi niliona, nikakuna kichwa, nikaendelea kusoma habari za RAM.

Kwa wale wasiojua lock: chukulia choo kimoja cha stage ya matatu. Aliye ndani amefunga kwa ndani, walio nje wamepanga foleni. Wale wa nje hawafanyi kazi yoyote, wanangoja tu. Database nayo hufanya hivyo ili watu wawili wasibadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Lock yenyewe haina ubaya wowote. Ubaya ni mtu kufunga mlango halafu akakaa mle ndani kusoma gazeti.

Wa kwanza kuniambia ukweli alikuwa Abdi, mwenye lori tatu zinazosafirishia wakulima. Lori zake zilikuwa zimekwama pale siku tatu na yeye alikuwa amekaa kwenye jerikeni karibu na madirisha akitazama tu. Aliniita.

"Wewe mtu wa computer, kuja hapa. Hii kitu yako inasimama wakati mzee iko dirishani. Kijana akiwa hapo, inaenda. Mzee akikuja, inasimama. Wallahi mimi nimeangalia siku tatu."

Nikacheka. Nikamwambia, "Abdi, database haijui umri wa mtu."

"Mimi sijui database," akasema. "Mimi najua kuangalia."

Nikamwacha hapo na jerikeni yake. Mimi nina degree, bwana.

Ikafika Alhamisi. Alfajiri mvua ilikuwa imenyesha, na mawingu yalikuwa yanarudi. Saa nne na robo, system ikaganda. Wakulima wakaanza kupiga honi za trekta. Meneja akaja kwa meza yangu, akasimama nyuma ya kiti changu, na meneja akisimama nyuma yako hata password unasahau.

Nikaamua sitarestart. Kwa mara ya kwanza nikaiuliza database swali la maana: nani anangoja, na anamngoja nani? Kwenye Postgres, ndiyo aina ya database ninayotumia, kuna pg_stat_activity, inakuonyesha kila aliyeunganishwa na anachofanya. Kuna pg_blocking_pids, inakuonyesha ni nani amemzuia nani.

Jibu likaja kwa sekunde moja. Session, yaani miunganisho, arobaini na kitu zinangoja. Nikafuata mstari, huyu anamngoja yule, yule anamngoja mwingine, wote wakaishia kwa mtu mmoja. Hali yake: "idle in transaction". Maana yake amefungua kazi, hajaimaliza, na amekaa kimya. Dakika ishirini na mbili.

Jina la user: dirisha3.

Nilifurahi, wakuu. Nilipiga meza kwa kiganja. Mpaka leo hiyo furaha ndiyo inaniuma kuliko vitu vingine vyote.

Nikashuka mbio mpaka dirisha la tatu, meneja nyuma yangu. Madam Jerotich alikuwa amekaa, mikono mapajani, hafanyi kitu. Kwenye screen yake kulikuwa na fomu ya mkulima mmoja, Mzee Tuwei, imejazwa nusu.

"Madam, kwa nini hii form iko wazi?"

"Ni ya Mzee Tuwei. Amesahau ID kwa trekta, ameenda kuichukua. Iko nje ya gate, na miguu yake si unaijua. Nimemshikia tu place yake."

Wale wa huku wananielewa. Mzee akitoka kwenye foleni, anashikiwa nafasi. Hospitali, kwa kinyozi, kwa maji, kila mahali. Hakuna mtu alimfundisha Madam Jerotich kufanya hivyo, na hakuna mtu wa kumlaumu. Na alijua kwamba akifunga ile fomu, Mzee Tuwei atarudi nyuma ya trekta zote.

Nikamwambia fomu yake ndiyo imefunga ghala lote.

Alishtuka. Akatazama madirisha mengine, akatazama wakulima nje. "Mimi? Ni mimi nimefunga?"

"Ni hii form. Funga."

"Brian, ngoja kidogo. Yuko njiani, namwona pale kwa gate."

Sikungoja. Niliinama juu ya bega lake, nikashika mouse, nikabonyeza Cancel mwenyewe.

System ikafunguka palepale. Dirisha la kwanza likaita mtu, la pili likaita, watu wakashangilia. Mzee Tuwei akafika na kitambulisho chake mkononi, anahema, akaambiwa nafasi yake imeenda. Nambari iliyobaki ilikuwa ya Jumapili. Mvua ikaanza kabla hajafika kwa trekta yake.

Alasiri meneja akaniambia, "Nataka ripoti fupi. Nini kilitokea na ni nani. Wakulima wako hapo nje, lazima niwaambie kitu."

Nikaandika: "Dirisha la 3, Jerotich, huacha fomu wazi kwa muda mrefu na kuwazuia watumiaji wengine wote."

Someni tena hiyo sentensi. Hakuna uongo ndani yake hata neno moja. Niliituma nikaenda kunywa chai.

Ijumaa Madam Jerotich akamwaga unga, yaani akafutwa kazi. Alikuwa kwa contract, hawakuhitaji hata barua ya kumwonya. Meneja alisimama getini akawaambia wakulima kwamba mfanyakazi aliyekuwa anakwamisha system ameondolewa, wavumilie. Madam Jerotich alikuwa ndani akitoa vitu vyake kwa droo: sweta, thermos, kitambaa cha kupangusia meza. Madirisha ni ya kioo na spika ya getini ina sauti kubwa. Alisikia kila kitu.

Akitoka alipitia kwa meza yangu. Nilidhani atanitukana, nikajiandaa.

Akasema, "Brian, pole kwa usumbufu wote nilikuletea. Sikujua."

Akaenda.

Jumatatu, saa nne na nusu, system ikaganda.

Nikauliza database lile swali tena. Safari hii jibu lilikuwa dirisha5, msichana mpya, ana miezi miwili kazini. Mama mmoja alikuwa ameenda kuchukua karatasi ya kipimo cha unyevu na huyo msichana alikuwa amemwachia fomu wazi. Alipoona nakuja mbio alianza kulia kabla sijafungua mdomo, kwa sababu alijua yaliyompata mwenzake.

Hapo ndipo akili ilinirudi. Fomu moja ya mkulima mmoja ikiwa wazi, kwa nini izuie ghala lote? Inafaa izuie rekodi ya huyo mkulima peke yake, basi. Hilo ndilo swali nilipaswa kuuliza Alhamisi. Sikuuliza kwa sababu nilikuwa nimeshapata jina.

Nikafungua code yangu.

Nilipata mstari wa code wenyewe kwa dakika tatu. Fomu ikifunguliwa tu, kabla karani hajaandika hata herufi, system ilikuwa inaishika ile rekodi inayohesabu nambari za dryer, kwa amri ya kufunga inayoitwa SELECT FOR UPDATE, na inaishikilia mpaka karani abonyeze Save. Rekodi hiyo ni moja kwa ghala zima. Nani anaifunga? Yeyote aliyefungua fomu. Kwa muda gani? Muda wowote mtu atakaotumia kutafuta kitambulisho, kusalimia, kukohoa.

Niliweka hivyo ili wakulima wawili wasipewe nambari moja. Na kwa madirisha mawili haikusumbua mtu. Juu ya ule mstari wa code nilikuwa nimeacha maneno yangu mwenyewe: "kwa sasa iko sawa, nitabadilisha madirisha yakiongezeka."

Madirisha yaliongezeka. Sikubadilisha.

Kila karani alikuwa anafunga ghala kila siku, ila kwa sekunde chache tu. Madam Jerotich alikuwa anafunga kwa muda mrefu kwa sababu wazee, ambao hufika saa nne hivi, walikuwa wanaenda kwake, na yeye alikuwa anawasubiri. Abdi alikuwa ameona sawa kabisa.

Kabla ya lunch nilikuwa nimemaliza kurekebisha. Nambari ya dryer sasa inachukuliwa wakati wa Save tu, lock inakaa muda wa kupepesa jicho. Nikaweka pia muda wa mwisho, session ikikaa kimya na kazi wazi inakatwa. Kisha nikafungua fomu kwenye madirisha yote sita, nikawaambia makarani waziache hivyo hivyo, tukaenda chai. Tuliporudi geti lilikuwa linaendelea kuandikisha watu kana kwamba hakuna kitu. Haijaganda tena tangu siku hiyo.

Nikaenda kwa meneja na laptop. Nikamwonyesha ule mstari, nikamwambia wazi kosa lilikuwa langu.

"Sasa inafanya?"

"Inafanya."

"Haiwezi kurudi kusimama?"

"Hapana. Lakini Madam Jerotich..."

"Brian, mimi nilisimama kwa gate nikaongea. Unataka nirudi niwaambie nini? Wacha hiyo." Halafu akaniambia wanafungua tawi Turbo na wanataka system iwe hiyo hiyo, nianze kujipanga.

Nikasema asante. Ndiyo wakuu, nilisema asante.

Wiki tatu nilikaa kimya. Nilijiambia mambo mengi: kwamba atapata kazi kwingine, kwamba nikipiga simu nitamchokoza kidonda, kwamba mavuno yaishe kwanza. Ukweli ni kwamba niliogopa. Ilifika mahali nikipita dirisha la tatu naangalia chini.

Jumamosi moja mchana nikachukua boda mpaka Kapseret. Alinipokea vizuri kupita kiasi, akanimiminia mursik, yale maziwa ya mgando ya huku, akaniuliza habari za mama yangu. Sikuweza kunywa. Nikamwambia yote, nikamwonyesha hata ule mstari kwenye simu, ingawa kwake ni maandishi tu.

Alitazama simu, kisha akanitazama mimi. Nilidhani hajaelewa, nikaanza kueleza upya habari ya choo cha stage.

"Nimeelewa," akasema. "Ulijua lini?"

"Jumatatu. Ile ya kwanza baada ya wewe kutoka."

Alihesabu kwa vidole, polepole.

"Mahindi ya Mzee Tuwei yaliharibika, unajua? Ilikataliwa yote, imeota mold. Watu kanisani walikuwa wananiangalia. Nilienda kwake mara mbili. Mara ya kwanza sikumpata. Mara ya pili nilimpata, nikamwomba msamaha, nikamwambia ni mimi nilifunga hiyo computer. Hiyo ilikuwa juzi, Brian. Juzi. Na wewe ulikuwa unajua."

Nikazima simu, nikaitia mfukoni.

"Enda umwambie," akasema. "Mimi siwezi kwenda mara ya tatu."

Nikaenda siku iliyofuata. Mzee Tuwei anakaa ndani kidogo ya Soy. Yale mahindi alikuwa ameyamwaga nyuma ya boma, meusi, hata ng'ombe hawezi kupewa kwa sababu ya sumu ya ile mold, yaani ukungu. Aliniwekea kiti. Nikaongea nikiwa nimesimama.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Ile siku nikirudi na ID, nani alikuwa amefuta jina yangu?"

"Ni mimi, Mzee."

"Na huyo mama alitaka kufuta?"

"Hapana. Aliniambia ningoje, alikuwa amekuona kwa gate."

Aligeuka akatazama yale mahindi.

"Alikuja hapa akalia," akasema. "Nikamwambia nimemsamehe. Kumbe nimemsamehe kwa kunishikia nafasi."

Alichukua fimbo yake akaenda kwa ng'ombe wake.

Nikiwa barabarani nilimpigia Madam Jerotich, nikamrudishia maneno ya Mzee kama alivyoyasema. "Sawa," akasema, na simu ikakatika.

Wakuu, ndivyo ilivyo mpaka leo. Niliandika ripoti mpya, ndefu, na ule mstari wangu ndani, nikaituma kwa meneja na kwa wakubwa wake. Jibu halijaja. Dirisha la tatu lina mtu mwingine. Kazi yangu bado ninayo, na system inakimbia vizuri sana.

Nilichojifunza upande wa kazi ni rahisi: seva ikiwa imepoa na watu wamekwama, acha kununua RAM, tafuta nani anamngoja nani. Na usiache lock mikononi mwa binadamu anayefikiri, anayeongea au anayemsubiri mwenzake, kwa sababu binadamu atachukua muda wake na ni haki yake. Database itakupa jina la aliyeshika mlango. Aliyejenga mlango haitamtaja, hapo lazima ujitafute mwenyewe.

Wataalamu wa Postgres, nikosoeni kwenye maelezo, siwezi kukasirika. Wale mnaofanya kazi na makarani, niambieni kama kuna njia ya kumrudisha mtu kazini ambayo sijajaribu. Na kama wewe pia uliwahi kutuma jina la mtu kabla ya kusoma code yako, andika kisa chako hapa chini. Cha kwangu mmeshakisoma.